Makopo Thelathini na Mawili

Kiberege, Juni 1996

Dada Vero,

Leo ni siku ya hamsini na moja tangu ututoke. Nakuandikia kwa sababu hesabu hii sina mwingine wa kumpa, na kwa sababu nilikosea.

Shemeji yupo, anakula, anaongea kidogo. Wanao wawili ninao mimi hapa Kiberege. Konsolata wako aliuliza nani atamsuka. Namsuka mimi, vibaya.

Sasa yale makopo.

Unakumbuka uliposikia kiwanja cha marehemu mama kule Mahenge kimeuzwa, na mnunuzi ataukata ule mshelisheli ajenge? Mimi nilisema mti ni mti. Wewe ulipanda lori, ukachimba mizizi pembeni ya shina, ukarudi nayo Michenga kwenye gunia bichi. Mshelisheli wetu hauna mbegu, ukikatwa, umekwisha. Ulikata vipande thelathini na viwili, kila kimoja urefu wa kiganja, ukavisimamisha kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, mchanga wa mtoni na pumba za mpunga zilizooza, ukafukia mpaka juu, yote ukayapanga nyuma ya jiko lako.

"Kumi na sita vyako, kumi na sita vyangu," ulisema. "Na usifukue kuchungulia, nakujua."

Nilikuwa nimeshafukua kimoja. Ulicheka mpaka ukakohoa. Kikohozi kile, mimi ninayehesabu kila kitu, sikukihesabu.

Wiki tatu baadaye tulikulaza sebuleni.

Nilikaa mkekani karibu na kichwa chako. Mfiwa hainuki, kazi zote ni za majirani. Watu walikuwa wengi, vikombe havikutosha. Nikasikia nyuma ya jiko kopo linagongwa ukutani, udongo unamwagika. Halafu lingine. Nilijua ni nini, Dada. Nilihesabu mpaka kumi na tisa na sikuinuka. Niliogopa watasema, dada yake kalala pale, yeye anakimbilia makopo.

Kipande kilichofukiwa hakioneshi kitu, hata jani. Waliona udongo mtupu. Chai na uji wa msiba wako vilinywewa humo.

Tuliporudi kutoka kukuzika nililipekua lile lundo kwa mikono. Walikuwa wamemwaga majivu ya moto juu yake. Nilipata vipande kumi na vinne. Nikavikwangua kwa ukucha: vitano tu vilikuwa vibichi ndani. Mama Asteria, jirani yako, alinikuta nimepiga magoti pale, yeye kabeba gunia. Ndani mna makopo yako yote, yamesuguliwa mpaka yanang'aa. Alidhani nayatafuta.

Nikamwambia. Akakaa chini kabisa, kwenye majivu.

"Mwanangu, tungejuaje? Ungesema neno moja tu."

Hilo ndilo linaloniuma. Nimemkasirikia siku hamsini na moja, na alisema kweli.

Vile vitano nilivipanda hapa, kivulini nyuma ya nyumba. Vitatu vimeoza. Kimoja kimekauka. Cha tano, juzi asubuhi, kimetoa kichipukizi kidogo kama punje ya mpunga. Konsolata ndiye aliyekiona. Nikachukua kanga nitoke, nipande gari nije Michenga nikuambie. Nimefika mlangoni ndipo nikakumbuka.

Shemeji anataka tuupande mti huu kaburini kwako. Nimekataa. Mizizi yake itapasua saruji, na watu watauita mti wa kaburi, hakuna mtoto atakayekula tunda lake. Mti utakaa hapa kwangu, hatua kumi kutoka ukutani.

Ahadi yangu ni hii. Mti ukitimiza miaka mitatu nitachimba mzizi wake, na kipande cha kwanza nitampelekea Mama Asteria, mwenyewe, kwa mikono yangu. Kwa sasa hata kumwamkia siwezi vizuri. Hiyo miaka mitatu naihitaji mimi kuliko mti.

Pumzika, Dada yangu. Nisamehe vile thelathini na kimoja.

Mdogo wako,
Paskalina