Nira Tuliyoitafuta Kariakoo

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Najua ungeitikia marahaba kabla sijalimaliza neno, kisha ungeniuliza nimekula nini, na nikikutajia ungesema hicho si chakula. Basi nimekula, tena ndizi za kupika na maharage, usiwe na wasiwasi. Nakuandikia kwa sababu jana nilifungua sanduku lako la bati nikitafuta kanga ya kumfunika mjukuu wako, nikakutana na lile daftari. Mwaka wa tatu huu tangu tukuzike, na sikujua kama bado lipo. Nimecheka peke yangu mpaka jirani akaja kuchungulia.

Ni lile la jalada la bluu, ulilopewa kwenye darasa la ngumbaru, la kusoma ukubwani. Kurasa zina madoa ya utomvu wa ndizi kwa sababu ulikuwa unatoka kwenye meza yako ya kuuzia ndizi sokoni moja kwa moja hadi darasani, saa kumi jioni, mikono hata hujainawa vizuri. Kushoto uliandika neno la kwenye Biblia lililokushinda, kulia maana yake, na chini ya maana jina la aliyekueleza. Hilo la majina nililipinga sana. Nilikwambia kamusi haziandikwi hivyo. Ukasema siku ukigundua maana si yenyewe, unataka ujue nani wa kwenda kumgombeza.

Mimi wakati ule nilikuwa mjuaji, nakubali. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimeajiriwa karani mpiga chapa, na nikipita Mtaa wa Swahili na viatu vyangu vya visigino najiona nimewabeba Watanzania wote kichwani. Ndimi niliyekuwa nakusahihishia herufi. Ulinipokea kwenye chumba chako kimoja, ukanipa upande wa kitanda ulio karibu na dirisha, na mimi nikalipa wema huo kwa kukusuta kila ulipoandika "l" mahali pa "r". Mungu anisamehe.

Halafu ikafika zamu yako kuongoza somo la kina mama kanisani. Unamkumbuka yule katibu wao, mama wa kanzu ndefu na miwani ya kamba? Alisema mbele ya watu wote kwamba waliosoma ngumbaru wangesaidia zaidi kwenye kupanga viti. Ulipofika nyumbani ulivua kilemba, ukaketi kitandani, ukaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Eli, Jumamosi ya zamu yangu nikisimama pale nikakwama kwenye neno moja tu, sitasimama tena maisha yangu."

Na somo ulilopangiwa ndilo lile la waliochoka wanaoitwa wakapumzike, ambao hapohapo wanapewa nira. Nira! Sisi watu wa mlimani tulijua jembe la mkono na migomba. Nira hakuna kati yetu aliyewahi kuiona.

Nikajitia kimbelembele. Nikasema vitabu vya kueleza maneno ya Biblia vipo, kazi ni kuvitafuta tu. Tukaanza duka la vitabu la mjini, tukakuta rafu zina vumbi na mwuzaji anapiga miayo. Akatuambia kamusi za namna hiyo ziko bandarini, zina miezi hazijatoka, turudi wiki ijayo. Tukarudi, akasema wiki ijayo. Ukamwuliza kwa upole kama hiyo wiki ijayo nayo iko bandarini. Mimi nilitaka ardhi ipasuke, lakini yeye alicheka, na ndiye aliyetuelekeza Upanga kwa mwalimu mmoja mstaafu, Mgoa, mwenye vitabu vya dini nyumba nzima.

Mwalimu yule hakuazimisha kitabu kwa mtu, ila alituketisha barazani, akaleta kamusi ya Biblia nene ya Kiingereza na sharubati ya ndimu. Nikakusomea nikitafsiri, kifua mbele: nira ni mti unaolazwa shingoni mwa ng'ombe ili wavute plau. Nilifunga kitabu nikidhani kazi imekwisha. Nikakutazama, nikakuta uso umekunjamana kuliko tulipokuja.

Tulipovuka Mnazi Mmoja ukaniuliza hivi kweli, watu wamechoka hoi, wameitwa wapumzike, halafu wanafungwa mti shingoni kama ng'ombe? Hiyo ni raha gani? Kamusi ilikuwa imetupa maana, na maana imetuzidishia utata. Nilikasirika, tena nilikukasirikia wewe, kana kwamba umeuliza makusudi.

Ijumaa, siku moja kabla ya zamu yako, tukaamkia foleni ya sukari kwenye duka la ushirika. Kiongozi wa somo ndiye anayetoa chai, na chai ya kina mama bila sukari ilikuwa aibu ya pili juu ya ile ya kwanza. Tuliweka kikapu chetu kwenye mstari kitushikie nafasi, kama ada, katikati ya mawe na makopo ya wenzetu, tukasogea kivulini. Ndipo ukatoa Biblia, ukaanza kuwauliza watu wa foleni. Mimi nilijifanya sikujui, nikatazama upande wa Msimbazi.

Bi Mwanaidi, jirani yetu mwenye kupika vitumbua, Mwislamu wa hapahapa mjini, alikuwa amekwisha kukueleza mwezi uliopita habari za chachu, jinsi kidogo tu inavyoumua unga wote. Nira hakuijua. Ila alimpigia kelele Mzee Masanja, mlinzi wa ghala la jirani, akamwambia wewe Msukuma, hebu njoo, si mambo ya ng'ombe haya?

Mzee Masanja alicheka mpaka akashika magoti. Akasema nira ameichonga kwa mikono yake tangu ujana. Akaazima mchi mrefu kwa muuza vinu, akatuita mimi na wewe tusimame ubavu kwa ubavu mbele ya watu, akatulazia ule mchi nyuma ya shingo zetu, mimi mwisho huu na wewe mwisho ule. Tembeeni, akasema. Mimi kwa haya nikachomoka mbio ili mambo yaishe, mchi ukanikaba, wewe ukapepesuka, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Mzee akatusimamisha. Akasema ng'ombe mchanga ndivyo anavyofanya siku zote, ndiyo maana hafungwi na mchanga mwenzake. Kisha akakutazama wewe, si mimi, akasema taratibu: "Nira ni ya wawili, mama. Mdogo anafungwa na mkubwa aliyezoea. Mzigo anauvuta yule mkubwa, mdogo anatembea naye tu mpaka ajue."

Shangazi, nikwambie nilichokiona? Niliona uso wako ukifunguka. Machozi yalikutoka, na huku unacheka, na huku mchi bado uko shingoni. Tukatembea tena, safari hii nikifuata hatua zako, tukaenda hadi kona na kurudi bila mtu kuumia. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile hadharani.

Tuliporudi, nafasi yetu haipo. Kumbe ulipoitwa ulikiokota kikapu ukaenda nacho, na mchi shingoni na kikapu mkononi! Nikaanza kugomba, mama mmoja akaniuliza kwa adabu kikapu chetu kiko wapi. Kilikuwa kinaning'inia mkononi mwako. Miaka mingapi unapanga foleni, Shangazi, unabeba alama yako mwenyewe? Sukari ikaisha watu kumi mbele yetu. Ulirudi nyumbani mikono mitupu, unaimba.

Jumamosi uliingia kanisani na mchi. Ukasoma somo polepole, kidole kikifuata mstari, hukuruka neno. Kisha ukamwomba nani aje ufungwe naye? Yule katibu! Akaja kwa mashaka, miwani imemshuka puani, ukamlazia mchi shingoni na kumzungusha kati ya viti ulivyovipanga mwenyewe asubuhi ile. Mwanzoni kina mama walicheka, halafu nikasikia watu wanapenga kamasi. Chai ilikuja bila sukari. Ukatoa mkungu wa ndizi mbivu kutoka mezani kwako, ukasema leo utamu uko huku, mle mkinywea. Katibu aliomba kikombe cha pili, na toka siku ile hakukuita tena kwa jina la darasa lako.

Sasa nina kamusi ya Biblia yangu mwenyewe, ya Kiswahili, haikwamii bandarini popote. Naifungua karibu kila siku na naipenda. Lakini maisha yangu yote nimewasimulia watu kwamba wewe ndiye uliyekuwa ng'ombe mkubwa na mimi mchanga, kwamba ulinivuta bila mimi kujua. Nililiamini hilo hadi jana.

Jana nililitafuta neno nira kwenye daftari lako. Maana umeiandika kama alivyosema mzee, na chini yake lipo jina lake, Masanja, kwa penseli. Halafu chini ya Masanja, kwa wino, kwa mwandiko wako wa uzeeni unaotetemeka, umeongeza jina jingine. Eliwaza. Hujaeleza kitu.

Mimi sikukueleza nira, Shangazi. Nilikuwa naangalia upande wa Msimbazi. Mimi nilikusahihishia herufi tu, na hata hizo kwa hasira. Hivi miaka yote ile, wewe ulikuwa unadhani anayevuta ni nani?

Nimecheka, nimelia, nimecheka tena. Mjukuu wako ameamka, anataka uji, na sukari ipo. Pumzika, ulale vyema. Mwisho wangu wa mti nimeushika.

Mtoto wa kaka yako,
Eliwaza