Dakika Nane za Kuambiwa Msiba

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Leo nimefundishwa kufiwa. Miaka thelathini na moja ya uuguzi, nimestaafu, na sasa chuo cha udaktari kinanitaka niwe mgonjwa wa kuigiza kwenye usaili! Msimamizi ni mwalimu Derick, kijana mstaarabu, si mtu wa huku. Anasema waombaji wote wana alama nzuri za darasani, wanataka kujua nani anajua kukaa na watu.

Katika igizo mimi ni mama ambaye mtoto wake amefia wodini na hajaambiwa. Msailiwa anaingia, ananiambia. Dakika nane, kengele. Kisha najaza karatasi. Alinitazama machoni? Alitaja kifo waziwazi? Alinipa nafasi ya kuuliza?

Nimekubali. Wauguzi wakali nimewaona wengi — na mimi mmojawapo.

Jumatano, 3 Septemba

Nimefiwa mara kumi na nne. Kichwa kinagonga.

Mvulana mmoja kavuta kiti, kanikazia macho: mama, pole, mtoto wako amefariki, una swali? Hata dakika moja haikuisha. Kwa karatasi ile anastahili alama zote. Nikampa.

Halafu Lidwina. Binti mwembamba, kwao vijiji vya Peramiho. Kapiga goti, shikamoo mama, macho chini, kama tulivyolelewa sisi. Kaniuliza nimekula? Nimekuja na nani? Nikajibu nilivyofundishwa: peke yangu. "Basi mama, kaa kidogo nikutafutie ndugu."

Akatoka kweli! Namsikia koridoni anauliza watu nani kamleta mama huyu. Karudi na Notburga, anayefanya usafi pale, akamkalisha pembeni yangu anishike mkono. Mkono wenyewe una sabuni bado. Nikalia. Machozi ya kweli, na hakuna aliyekufa.

Kengele. Neno lenyewe alikuwa hajalisema.

Huku kwetu mama haambiwi msiba akiwa peke yake. Anatafutwa ndugu, anatia kitu tumboni, ndipo anaambiwa. Hata mimi wodini nilifanya hivyo. Lakini karatasi inauliza inachouliza. Machoni — hapana. Kifo — hakutaja. Sifuri, sifuri. Derick kasimama mlangoni anaisubiri, mwingine yuko tayari kuingia. Nikasaini.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimekwenda kwa Derick kumtetea yule binti. Kanisikiliza mpaka mwisho, hilo siwezi kumnyima. Anasema anaelewa, ila fomu haina sehemu ya kuandika hayo, na alama zimeshaingia kwenye kompyuta. Tena kuna ndugu wanaoficha habari, na mgonjwa ana haki ya kujua. Kweli pia. Kaninunulia soda.

Nimerudi nyumbani Mfaranyaki kwa miguu. Najichukia.

Jumapili, 7 Septemba

Kutoka misani nimemkuta Lidwina barazani kwangu, kaelekezwa na Notburga. Amefikia kwa shangazi yake, mtaa wa Msamala. Wamemwita tena kesho. Nafasi imebaki moja, wanaigombea watatu. Wamemwambia kosa lake: anaogopa wagonjwa. Anaogopa! Anaomba nimfundishe kusema.

Sijui kama inaruhusiwa. Nimemkaribisha.

Alitaka kukaa mkekani. Nikasema kiti. Macho kwangu. Usiniulize habari za kula. Usimtafute mtu yeyote.

Mara ya kwanza sauti ilikatika. Ya pili akatazama sakafu. Ya tatu akapiga goti kwa mazoea, nikamfokea. Mtoto wa watu nimemfokea kwa adabu yake. Ya sita akanikazia macho: mama, mtoto wako amefariki, una swali? Sauti kavu kabisa.

Nikamwambia hapo umefaulu.

Akauliza, nirudie?

Nikamwambia rudia, na uharakishe kidogo. Nikakimbilia huku jikoni, nasingizia chai. Maji yameshachemka, nimekaa tu naandika. Yeye bado yuko sebuleni anakiambia kiti kitupu. Namsikia. Mtoto wako amefariki, una swali? Mtoto wako amefariki, una swali?

Neno mama ameshaliacha.