Mwokota Takataka Zangu

Kerubo mjukuu wangu,

Huku Nyacheki tu wazima. Babu yako bado anakohoa, lakini chai anachuma. Unauliza kwa nini mahindi yako huko Kitale ni ya manjano na ya jirani yamekolea kijani, na kama huenda amekufanyia kitu. Hata mimi nilishuku hivyo nilipoolewa hapa, miaka michache baada ya Uhuru.

Mahindi yangu yalidumaa. Ya Moraa, mke wa shemeji yangu, yalinawiri. Asubuhi moja nikamkuta nje ya ua wangu akizoa takataka nilizofagia na kutupa: majivu, maganda ya ndizi, mavi ya mbuzi. Unajua kwetu mtu akiokota uchafu wako anashukiwa nini.

"Unataka kuniroga?" nikamfokea.

"Napeleka shambani," akasema, bila hata kutua kikapu. "Udongo nao unakula. Wako unaulisha nini?"

Sikumwamini. Nilimfuata mpaka kwake, nikachimba kwa vidole pale alipofukia takataka za zamani. Nilitafuta hirizi. Nikakuta udongo mweusi, laini, umejaa nyungunyungu. Wangu ulikuwa mgumu, hauna hata mdudu.

Basi kweli alikuwa akichukua rutuba yangu, ila mimi ndiye niliyekuwa nikimtupia kila asubuhi.

Mchunguze jirani yako, sikukatazi. Lakini kwanza niambie: maganda na majivu ya jikoni kwako unayatupa wapi?

Nyanya yako