Betri Zangu Kuukuu Zimeuzwa Kama Mpya

Machakos, Jumatatu, Agosti 2008

Baridi. Ukungu umekalia vilima vya Iveti tangu asubuhi, na nina hasira ambayo hata chai mbili hazijaishusha. Naandika haya nikiwa saiba, kwenye kompyuta ya kukodi, kando ya jamaa anayecheza muziki kwa sauti kubwa kana kwamba sote tumemwomba. Leo kila mtu ananiudhi, na yeye yumo.

Kwa yeyote anayepita kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza: mimi ni mwanafunzi wa uzamifu, na ninachosomea ni betri. Chuo kilinitafutia kiwanda kule Mavoko. Tulikubaliana wanipe vifaa na meza ya majaribio, nami niwatengenezee betri ya sola itakayovumilia matumizi ya huku kwetu, ambako watu hawazimi taa mpaka ijizime. Sahani zake za madini ya risasi nilizifanya nene kuliko za betri ya gari. Nikatengeneza betri kadhaa, kisha nikaanza kuzitesa.

Ndiyo kazi yenyewe. Unaichaji betri mpaka ijae, unaimaliza chaji yote, unaichaji tena, mchana na usiku, miezi na miezi, mpaka ichoke ife. Ukijua imekufa vipi na kwa nini, umepata tasnifu. Betri ya aina hiyo si ya kuuzwa. Thamani yake yote ni uzee wake.

Zangu zilikuwa zimebakiza siku chache tu.

Leo nimefika nikakuta meza tupu, waya zinaning'inia.

Acha nieleze ugonjwa wa kile kiwanda. Mwisho wa mwezi ukikaribia na oda haijatimia, kitu chochote chenye chaji ndani ya geti kinageuka mzigo. Hawaulizi ni cha nani. Ijumaa walizipangusa betri zangu, wakabandua karatasi nilizoandika USIGUSE, wakabandika lebo za kampuni, zikapanda lori la kwenda Katangi. Mimi nilikuwa chuoni nikiwasifia kwenye semina. Kweli mimi ni mjinga.

Bwana Kilonzo, meneja wa uzalishaji, hakuona haya hata kidogo. Alinishika mkono akanipeleka kwenye meza nyingine, akanionyesha betri zilizotoka kwenye mashine jana, zimepangwa vizuri, zinang'aa.

"Daktari, usikasirike. Nimekurudishia mpya kabisa. Hata umepata faida, zako zilikuwa zimezeeka."

Kisha akasimama pale, mikono mifukoni, akingoja nimshukuru.

Nilimwambia kuna watu Katangi wameuziwa betri zilizokwisha kwa bei ya mpya. Akasema betri ni betri, iko na warranty, ikikufa watairudisha. Akaongeza kwamba naongea sana kwa mtu wanayemsaidia. Nimekula na huyu mtu, nimemsaidia mtoto wake hesabu, na leo nilitamani ateleze kwenye asidi. Mungu anisamehe, ingawa si leo.

Nikampigia Profesa, msimamizi wangu. Nilidhani angepandisha hasira kuliko mimi. Badala yake alikohoa, akasema grafu ilikuwa karibu kufika mwisho, mstari naweza kuumalizia kwa kuangalia ulikokuwa unaelekea. Akasema hatuna kiwanda kingine. Nikianza kuwapigia wateja kelele, geti litafungwa na tasnifu itabaki huko ndani. "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo," akamalizia.

Huyu ndiye aliyenifundisha kwamba namba isiyopimwa ni uongo.

Nikatoka uani nikampigia Abdi, mwenye duka la betri na redio pale Katangi. Tunajuana tangu nilipomhoji kuhusu wateja wake. Sitajisifu hapa: sikupiga kwa ajili ya wateja. Nilitaka betri zangu zirudi mezani.

"Hizo zimetoka haraka, dada," akasema. "Moja imechukuliwa na zahanati, ya taa ya chumba cha kujifungulia. Wamama walikuwa wanazaa na tochi."

Nikamshukuru, nikakata simu.

Nazijua betri zile kuliko ninavyowajua ndugu zangu. Betri iliyochoka hujaa upesi, na kipimo kinakuambia imejaa kweli. Kisha unawasha taa, muda mfupi tu, giza. Nesi hatakuwa na kosa lolote. Ataona kipimo, ataamini, ataanza kazi.

Nilimfikiria mwaitu, mama yangu, ambaye kanisani tayari wanamwita mama daktari. Nilifikiria miaka niliyoimaliza katika ile harufu ya asidi. Nilijaribu kujishawishi kwamba pale zahanati tochi bado ipo. Nilijaribu kwa bidii, tena kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Kisha nikampigia Abdi tena. Nikamwambia zile betri ni kuukuu, asiuze kama kuna iliyobaki, na ya zahanati aifuate leo hii.

"Umejuaje? Ziko na lebo, zinang'aa."

"Mimi ndiye niliyezizeesha."

Akasema anaenda zahanati kwanza, kisha atampigia Kilonzo, na itabidi ataje jina langu. Nikamwambia alitaje.

Tangu saa kumi simu yangu inalia. Kilonzo, Profesa, Kilonzo tena. Sijashika. Ningependa kuandika kwamba nina amani moyoni, lakini sina. Nina hasira, na naogopa, na huyu jamaa bado anacheza muziki wake.

Kesho nitaenda Mavoko kama kawaida. Askari wa geti ndiye atakayeniambia kama mimi bado ni mwanafunzi.