Jeti Iliyokataa Kutoka Sikioni

Baba,

Keti vizuri, geuza lile sikio la kulia, nina maneno. Na usiniambie ninapiga kelele. Wewe ndiye uliyetufundisha kupiga kelele, sasa vumilia.

Kwanza nikupe habari za nyumbani. Mama hajambo. Bado analala upande wake wa kitanda, na bado anaongea kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Juzi alikuja kwangu hapa mtaani Majimbo, akaomba chumvi mezani, na jirani akaja kubisha mlango kuuliza kama kuna ugomvi. Tulicheka sana. Kisha sote wawili tukakumbuka kwamba hakuna tena mtu wa kupigiwa kelele. Nyumba ambayo kila mtu anasikia vizuri ni nyumba ya ajabu, Baba. Hatujaizoea. Redio yako iko palepale juu ya kabati, na sauti iko mwisho kama ulivyoiacha. Hakuna aliyethubutu kuipunguza.

Mimi bado nashona sokoni. Na nimejifungua. Ni mvulana, wa pili. Unajua maana yake, usijifanye hujui.

Kwetu Embu jambo hili haliitishiwi mkutano. Mvulana wa kwanza huchukua jina la baba wa mume, wa pili la baba wa mke. Ulipozikwa nilikuwa na mimba yake, na watu walipokuwa wakitupa udongo mimi nilishika tumbo nikasema moyoni: huyu akiwa mvulana ni Ireri, jina lako, na maneno yameisha. Nilifikiri nimekushika mkono kabla hujafika mbali. Kumbe nilisahau kwamba nimeolewa Kangeta, kule Igembe kwa Wameru.

Wameru ni ndugu zetu, lakini huko Igembe kwa wakwe zangu jina halipangi foleni. Wanamtazama mwenye jina kwanza. Wanasema jina huja na tabia za mwenyewe, kwa hiyo mtoto apewe la mtu ambaye wangependa afanane naye. Kirimi, mume wangu, aliniambia polepole, kama anayenitoa mwiba, kwamba wazee wao wamekaa na wameamua. Mtoto angeitwa Gitonga, jina la mjomba wao mmoja aliyefanikiwa. Nikamuuliza, na baba yangu je? Akatazama viatu vyake. Mama yake ndiye aliyenijibu, naye huwa hazunguki: "Mwari, huyo mzee alikuwa na madharau. Hapa hatuwezi kuita mtoto madharau."

Madharau! Wewe! Nilikasirika. Nilimkabidhi Kirimi mtoto, nikatoka nje kwenda kupumua.

Nilijua neno hilo lilitoka wapi. Lilitoka siku walipokuja kuniposa. Unakumbuka kiti chako? Siku zote ulikaa pembeni, sikio la kushoto likiwa ukutani, na wageni wote wakiwa upande wako wa kulia. Lakini siku hiyo Mama alitaka sebule ipendeze. Alitandika vile vitambaa vyake vyote, akasogeza viti, na kiti chako akakiweka katikati kama cha chifu. Nawe hukusema neno, kwa sababu kusema kungekuwa kukiri. Basi mzee M'Thuranira, baba mdogo wa Kirimi, akasimama nyuma ya bega lako la kushoto na ile ncoolo mikononi, miraa ya posa iliyofungwa vizuri kwa majani ya mgomba. Akakusalimu. Akakusalimu tena. Alisema maneno yote ambayo wazee wao husema kabla ya kuikabidhi, na wewe ukaendelea kumweleza yule mwingine wa kulia habari za magurudumu ya jeti. Mzee mzima amenyoosha mikono, na wewe unasimulia magurudumu! Mama akakufinya. Ukageuka, ukaona, ukacheka ile sauti yako kubwa, ukaipokea. Kucheka kule ndiko kulikoharibu kabisa. Walirudi Igembe wakisema Mwembu yule ameidharau miraa yao, amemdharau mzee wao, na kisha amewacheka.

Ungesema neno moja tu. Ungesema, samahani mzee, upande huo sisikii. Lakini wewe? Usiku huohuo ulituketisha ukatuapisha upya. "Msiniite kiziwi kwa watu. Mimi si kiziwi. Ni jeti iliingia hapa ikakataa kutoka." Ukajipiga kofi dogo pale sikioni, kama anayemwambia mpangaji kwamba kodi imefika.

Jeti. Nilikua nikidhani jeti ni ndugu yetu mmoja anayekaa Nairobi. Ulikwenda huko kabla ya Uhuru, kipande cha mkoloni, kile kitambulisho, mfukoni, ukapata kazi uwanja wa ndege wa Embakasi. Ulituambia kwamba ndege za kwanza zilikuwa za mapanga yanayozunguka, na zilikohoa kabla ya kuwaka kama mzee asubuhi. Halafu jeti zikaja. Ulisema jeti haikukohoa. Ilipiga mluzi tu, mluzi mwembamba wa birika, ukapanda na kupanda mpaka ukawa hausikiki tena masikioni bali kwenye meno. Nyasi za kando ya uwanja zililala chini. Wenzako wengine walikimbia siku ya kwanza, na mmoja akarudi kwao Kitui moja kwa moja bila kuaga. Wewe ulibaki, kwa sababu ulikuwa mtu wa kabari. Jeti ikisimama, wewe ndiye wa kwanza kukimbia chini ya tumbo lake, injini zingali zinalia, kusukuma kabari mbele na nyuma ya magurudumu ili isiteleze. Wazungu waliosimama mbali walikuwa na vifuniko vya masikio. Ninyi mliokuwa chini ya injini mlijaza pamba mliyoichomoa kwenye godoro.

Nasema hivyo kwa hasira yangu mwenyewe. Wewe hukuwahi kuyasema kwa hasira. Ulisema, "Bila kabari hakuna bwana mkubwa aliyeshuka," na ukavuta chai yako.

Kila ulipokuja likizo ulileta vitu vya ajabu. Sukari iliyofungwa kwa karatasi ndogo ndogo, ambayo Mama alikataa tuile kwa sababu ilikuwa nzuri mno. Sabuni nyembamba kama biskuti. Na ule mfuko mweupe wa karatasi ngumu, wenye mchoro wa buluu, ambao Mama aliupenda akaufanya mkoba wa kanisani. Aliubeba Jumapili baada ya Jumapili, sadaka na leso ndani, wanawake wenzake wakiutazama kwa wivu, mpaka mke wa pasta, aliyewahi kupanda ndege, alipomnong'oneza kwamba ule ni mfuko wa kutapikia abiria. Unakumbuka Mama alivyojibu? "Nani ametapika humu? Mimi nimeweka sadaka." Akaendelea kuubeba mpaka ukachanika. Watu wananiuliza nimetoa wapi huu ukaidi. Wamtafute Mama, na wewe waje wakutafute huko.

Na ile siku ya darasani, mwalimu alipotusomea Kiswahili kwamba ndege amejenga kiota juu ya mti. Kwetu nyumbani yule wa mabawa na manyoya tulimwita nyoni, na ndege ilikuwa ile yako ya kabari, basi. Nikainua mkono nikauliza ni mti gani huo unaoweza kuibeba. Darasa zima lilicheka, nikalia njia nzima. Wewe hukucheka. Uliniambia, "Wanja, ulikuwa na haki ya kuuliza. Mimi mwenyewe ningetaka kuuona mti huo."

Kuna jambo moja sijawahi kukuambia. Mara ile ulipotuita Nairobi tuje tuone kazi yako, tulisimama kule juu ambako watu huwapungia wasafiri mkono, Mama na mfuko wake, mimi na gauni la Krismasi. Jeti ikaja. Nilikuona mbali, mdogo kabisa, ukikimbilia chini yake watu wengine wote wakirudi nyuma. Nikapiga kelele, Baba! Baba! Hukugeuka. Injini zilikuwa zinalia, ningesikika vipi? Lakini mimi sikukasirika. Nilikuwa mtoto, na nilielewa kwamba hujanisikia. Mzee M'Thuranira ni mtu mzima, na hakuna aliyempa nafasi ya kuelewa.

Ndiyo maana nimewaambia, Baba. Uliniapisha, na nimevunja kiapo, na siombi msamaha.

Ilikuwa Kangeta, siku moja kabla ya ubatizo wa mtoto. Nilimkuta M'Thuranira nyuma ya nyumba akifunga miraa za soko, majani ya mgomba yamemzunguka. Nikakaa chini, nikasema, "Mzee, baba yangu hakukudharau. Hakukusikia. Sikio la kushoto lilikufa Embakasi, kwa jeti."

Hakuinua macho. "Ncoolo si kitu ya kusikia. Ni kitu ya kuona."

"Ulikuwa nyuma ya bega lake. Angekuona na kisogo?"

Akafunga bunda moja, akalifungua, akalifunga tena. "Na kwa nini hamkusema? Mimi nimekaa na hii kitu kwa roho miaka yote, na huyo mzee amekufa."

"Alituapisha tusiseme."

"Kwa nini?"

Hapo nilitaka kukutetea, Baba, ila uongo ulikataa kutoka. Nikasema, "Kwa sababu ya kiburi."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Kwa hivyo mama Kirimi hajadanganya sana."

Hajadanganya sana. Ni kweli. Uliona heri uitwe mwenye madharau kuliko uitwe kiziwi, na mzigo wa uamuzi huo umeniangukia mimi na mtoto mchanga. Nimekukasirikia kwa hilo. Nimekukasirikia huku nikilia, huku nikitaka uinuke unipe maneno ya kujibu. Lakini nilimwambia mzee wa watu hivi: kiburi cha baba yangu kilikuwa cha mtu aliyekimbilia jeti wengine wakiikimbia, na mwanangu akikirithi nitashukuru.  M'Thuranira alinipa kipande cha muwa, nikakitafuna, nikaondoka bila kujua kama nimeshinda au nimeshindwa.

Kanisani tulisimama mbele, mama mkwe kulia kwangu, amevaa kile kitambaa cheupe cha kichwa ambacho nimemshonea mwenyewe. Pasta akainama, akauliza mtoto anaitwa nani. Mama mkwe akasema, "Gitonga." Mimi nikasema, "Ireri." Tulisema pamoja. Pasta akatutazama, kisha akamtazama Kirimi, na Kirimi wa watu akatazama tena vile viatu vyake. Pasta akauliza mara ya pili, kwa upole, kama anayetaka nimsaidie kwa kunyamaza.

Basi nikaita. Sikusema, niliita, kwa ile sauti tuliyokulia, sauti ya kuomba chumvi kwetu, sauti ya kumfikia mtu aliye chini ya injini. Ireri! Watoto wa nyuma wakaruka. Mjukuu wako mwenyewe aliamka mikononi mwangu, na hakulia.

 Ndipo nikasikia kutoka benchi la wazee, "Pasta, jina umesikia. Ama na wewe jeti ilipita kwa masikio?"

M'Thuranira, Baba. Mzee wako wa ncoolo. Watu walicheka bila kujua wanacheka nini, na maji yakamwagwa, na mwanangu ni Ireri. Pasta amekwisha kulitamka, na hakuna wa kulirudisha.

Usifikiri kila kitu kimekuwa sukari. Mama mkwe bado hajalitaja jina lako. Anambeba mtoto mgongoni, anamwogesha, anamwita "huyu." Huyu amelala. Huyu ana njaa. Na mimi kila anaposema "huyu" namjibu, "Ireri ndiyo, mama, ana njaa," kwa heshima zote, na kwa sauti. Tutaona nani atachoka kwanza. Unajua si mimi.

Sasa nakuacha upumzike, cherehani inaningoja. Lakini nakuahidi. Mtoto huyu akisalimiwa ataitika, anayemsalimu awe kushoto au kulia, maana hilo nitamfundisha hata kwa kiboko. Na akiulizwa babu yake alikuwa nani, hatasema alikuwa kiziwi, wala hatasema alikuwa na madharau. Atasema alikuwa mtu wa kabari, na kwamba hakuna jeti iliyotulia mpaka yeye afike.

Krismasi tutakuja nyumbani. Nimeshachagua pa kusimama pale kaburini. Nitasimama kulia kwako, nimwinue mtoto, nikuambie jina lake. Na usipoitika, Baba, nitalisema tena kwa nguvu zaidi.

Mimi binti yako,
Wanja