Ami, Wametoa Alifu Yako

Ami Nabil,

Tangu tukuzike, rafiki zako wameongezeka. Yuko mmoja, Sufyan, aliyelia mazikoni kumshinda mkeo, na hospitali sikumwona hata siku moja. Sasa ndiye anayepanga hafla ya mashairi yako Jumapili, ukumbini Edgware Road, hapa London. Mimi nimepangiwa kusoma tafsiri yetu ya Kiswahili.

Jana kaniletea lile shairi la foleni ya mkate, limeshachapishwa. Unanijua, Kiarabu changu ni cha chuo cha Kurani, nasoma kwa kidole. Kidole kikagoma. Pale ulipoandika "shaahid", aliyeona, wametoa herufi ya alifu wakatia ye: "shahiid", aliyeuawa. Eti kosa la chapa. Kosa gani, Ami, linalorudi kila ubeti?

Wewe ulikufa kwa figo, kitandani, ukiilalamikia chai ya hospitali. Naona hilo halipendezi kwenye bango.

Unakumbuka mkahawani, nilipokwambia kwetu neno ni hilo hilo moja, shahidi, aliyeona na aliyeuawa? Ulicheka mpaka ukamwaga kahawa. "Lugha yenu bahili, binti yangu!" Halafu ukaifuta meza. Ukasema, "Waliokuwa mbele yangu kwenye foleni, bomu liliwaua. Mimi niliona. Usituchanganye."

Mashairi yako yote ndiyo hayo: nani alisimama wapi, kashika nini, kabla ya bomu. Sasa Gaza yako imo tena kwenye televisheni, na huku mtu anamfuta aliyeona.

Sufyan ameomba na ile kanda yenye sauti yako ukilisoma shairi hilo, eti aitunze. Nimempa ya taarabu. Yako imo ndani ya pipa la mchele, nyumbani Thamesmead. Pengine namdhania vibaya. Pengine. Lakini mbona hajaniuliza jina la hata mmoja wa wale wa foleni?

Nimekukumbuka mno, Ami. Kiti chako pale mkahawani siwezi kukikalia, na akikikalia mwengine namkodolea macho mpaka ahame.

Lala salama. Jumapili sitosoma "shahidi". Nitasoma "niliona", ubeti baada ya ubeti. Na Sufyan akisimama kunisahihisha, redio kaseti itakuwa mezani na kanda yako ndani. Nakuahidi, utajisemea mwenyewe.

Binti yako wa Unguja,
Zuhura