Magamba ya Samoni wa Baba

Storevik, Norwe
22 Agosti 2019

Mpendwa Shangazi Borghild,

Pokea salamu zetu sote wa hapa mtoni. Goti lako linaendeleaje tangu upasuaji? Na joto la huko Minesota bado linakunyima usingizi? Sisi tu wazima, ila mvua ndiyo imekataa kutubanduka.

Wazima wa mwili, nisikudanganye. Mimi bado nimepigwa na butwaa.

Unajua samoni wa kwanza wa mwaka anavyoliwa kwa Baba: viazi vipya, matango ya siki, na hakuna kugusa uma mpaka asimulie maisha ya samaki. Mwaka huu alimvua mwenyewe, kilo sita. Akasimulia: huyu kaanguliwa kwenye changarawe zetu, kakaa mtoni miaka mitatu, kateremka baharini akiwa na urefu wa kiganja, kanenepea huko karibu na Grinlandi, kisha karudi kwa kunusa maji ya kwao ili naye atage hapa. Machozi yalimlengalenga. Tukala mpaka tukajilamba.

Magamba machache aliyatuma maabara kama kila mwaka, wamsomee umri na maisha kwenye miviringo yake. Jibu lilikuja wiki iliyopita. Shangazi, nililisoma mara tatu nikidhani wamechanganya bahasha. Samaki wa kufugwa, katoroka vizimba vya baharini! Baba, aliyewaapia majirani wote kwamba samaki wa vizimba hawatafika mto wetu, aliketi kwenye ngazi na soksi moja mkononi, nyingine hajaivaa.

Mdogo wangu Torleif, unajua anafanya kazi kwenye vizimba hivyo hivyo, aliporudi jioni Baba alimwonyesha karatasi.

"Ulijua?"

"Nilijua pale mezani. Pezi la mkia lilikuwa limelika kwa kusugua wavu wa kizimba."

"Na ukala?"

"Ulikuwa na furaha, Baba. Ningekukatizaje? Wavu ulichanika Machi. Bosi akasema wametoka wachache, tufunge midomo."

Siku nne Baba hakumsemesha. Mama ndiye aliyepeleka maneno chumba hadi chumba. Nilidhani Torleif atafungasha virago.

Jumapili Baba akamwita mezani.

"Haya mtaalamu, mimi nilipiga porojo. Simulia wewe. Kazaliwa wapi?"

Torleif akasimulia, macho kwenye sahani. Kaanguliwa kwenye trei ya plastiki, bandani. Kachomwa sindano ya chanjo tumboni. Kaletwa kwa meli ya matangi, kamwagwa kizimbani na wenzake laki moja, kalishwa punje za chakula kwa bomba mpaka wavu ulipochanika.

"Na mto wake ni upi?"

"Hana, Baba. Anapanda wowote anaoukuta."

Baba akainuka, akavaa koti, akamwambia Torleif avae lake. Walikwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia majirani ukweli wa samaki na wa ule wavu, Baba akitangulia kugonga. Habari zikamfikia bosi; tangu juzi Torleif hana kazi, na Baba hali chakula cha jioni mpaka yeye aketi.

Nisalimie wanao, Karin na Dale. Mungu akulinde na alinyooshe hilo goti.

Mpwa wako akupendaye sana,
Jorunn